Semista Nne Tu: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi katika Timu ya Kikapu ya Wanawake ya Chuo cha Jamii

Ndugu zangu mnaoingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza, ninawaandikia baada ya kuitumikia kwa misimu saba timu ya kikapu ya wanawake ya chuo kimoja cha jamii, yaani chuo cha masomo ya miaka miwili, katika jimbo la Iowa, Marekani. Nilianza kwa kufua jezi na kujaza chupa za maji, nikawa meneja wa timu, na sasa ni kocha msaidizi. Familia nyingi za Kongo na Burundi zilizopitia kambi za Kigoma zimehamia Iowa, na vijana wao wameanza kujitolea au kuajiriwa katika timu za vyuo. Ndiyo maana nimeona niwaandikie kwa lugha tunayoelewana vizuri.

Kabla ya mbinu za ulinzi na ushambuliaji, jifunzeni kalenda. Msichana anayejiunga na chuo cha jamii ana misimu miwili ya kucheza na, mambo yakimwendea sawa, semista nne za masomo, kisha anaondoka. Kocha wa chuo kikuu cha miaka minne anaweza kumvumilia mchezaji mpaka akomae, lakini sisi hatuna nafasi hiyo. Uzembe wa wiki mbili wa mfanyakazi mmoja, awe ofisini au kwenye chumba cha tiba, unamega sehemu kubwa ya muda ambao mchezaji huyo atakuwa nasi, na muda huo haurudi.

Vyuo vingi vya aina hii vinacheza chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili kilichoanzishwa mwaka 1938, ambacho kilianza kusimamia michezo ya wanawake mwaka 1975, miaka mitatu baada ya Marekani kupitisha sheria ya Title IX inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Chama hicho kina madaraja matatu, nanyi mnapaswa kuyajua kwa undani, kwa sababu tofauti yake iko kwenye fedha. Chuo cha Daraja la Kwanza kinaruhusiwa kumlipia mchezaji karo, ada, vitabu, malazi na chakula. Cha Daraja la Pili kinaishia kwenye karo, ada na vitabu. Na cha Daraja la Tatu hakitoi ufadhili wowote wa kimichezo. California ina chama chake, na vyuo vya jamii vya huko havimlipi mchezaji ufadhili kwa sababu ya mchezo.

Umuhimu wa tofauti hizi niliuona sebuleni kwa baba mmoja mwenye asili ya Kivu Kusini, ambaye binti yake alikuwa akitafutwa na timu yetu ya Daraja la Pili. Kocha mkuu alizungumza vizuri kwa Kiingereza kwa nusu saa, nami nikatafsiri kuhusu mazoezi, ushindi na heshima ya chuo. Mzee alisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, “Mama kocha, mwanangu atalala wapi, na atakula kwa nani?” Hapo nikatambua kwamba tulikuwa tumemweleza kila kitu isipokuwa alichohitaji kujua. Nilichukua karatasi ya ufadhili, nikaisoma mstari kwa mstari, nikamwonyesha kwamba bweni na chakula havimo, kisha tukakaa mezani kujaza fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, ambayo mkimbizi aliyepokelewa rasmi ana haki ya kuijaza. Binti huyo alikuja chuoni akiwa na msaada wa Pell, yaani fedha za masomo za serikali kuu ambazo kwa kawaida hazirudishwi, na baba yake hakupata mshtuko wa bili mwezi Septemba. Mkitumwa kwa mzazi, elezeni fedha kwanza, tena zile zisizolipwa kabla ya zinazolipwa.

Sasa niseme juu ya kazi ambayo watazamaji hawaioni kabisa, nayo ni kulinda sifa za mchezaji kuruhusiwa kucheza. Ili acheze, msichana lazima awe mwanafunzi wa muda wote, yaani awe amesajili angalau krediti 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo) katika semista, na akishuka chini ya hapo anapoteza ruhusa palepale, hata kama ni katikati ya msimu. Katika msimu wangu wa tatu jukumu la kukagua usajili kila Jumatatu lilikuwa langu. Mchezaji wetu mmoja alikuwa na krediti 13, somo la Hesabu likamwelemea, na Alhamisi usiku akalifuta somo hilo la krediti tatu kupitia kompyuta bila kumwambia mtu, akabaki na 10. Jumatatu iliyofuata sikukagua, kwa sababu tulikuwa tumerudi alfajiri kutoka safari ya mbali na nilijiambia kwamba nitafanya kesho. Alicheza mechi mbili, tukashinda zote, na tulipogundua ilibidi tujiripoti wenyewe, tukapokonywa ushindi wote wawili. Kilichoniuma zaidi ni kumwona msichana huyo akikaa kwenye viti vya watazamaji kwa wiki zote zilizobaki, akiwa amepoteza nusu ya msimu wake wa pili, ambao ndio ulikuwa wa mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 19 na alihitaji mtu wa kumwambia, “Njoo ofisini, tukutafutie mwalimu wa ziada kabla hujafuta somo.” Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Tangu wakati huo nina daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila mchezaji: idadi ya krediti, jina la kila mwalimu, alama za kila wiki mbili, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha masomo. Wachezaji wote wanajua kwamba hakuna anayegusa usajili wake bila kupita kwangu au kwa mshauri wa masomo. Mshauri huyo, ingawa haonekani kwenye picha ya timu, mhesabuni kuwa mmoja wa benchi la ufundi, mjifunze jina lake katika siku yenu ya kwanza kazini, na mumsalimie hata siku ambazo hamna shida.

Siku ya mechi ina mitego yake midogo. Angalau dakika kumi kabla ya mchezo kuanza, timu hupeleka kwenye meza ya waandishi wa pointi majina na namba za jezi za wachezaji wote pamoja na watano wa kuanza, na baada ya hapo ukiongeza jina au ukibadilisha namba, timu yako inaadhibiwa kwa kosa la kiufundi. Chukueni orodha mkononi, simameni mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, mtazame mgongo wa kila mchezaji anapotoka na kuweka alama kwenye namba yake. Niliwahi kumkuta msichana wa namba 12 akiwa amevaa 21, kwa kuwa mfuaji alikuwa amezikunja pamoja. Vilevile anayekaa karibu na kocha ahesabu makosa ya timu katika kila robo ya dakika kumi, maana kosa la tano humpa mpinzani mitupo miwili huru, na kocha anayepanga mchezo hawezi kukumbuka kila kitu peke yake.

Kuhusu mtaalamu wa tiba ya wanamichezo nina msimamo ambao siwezi kuulegeza: neno lake ni la mwisho, na kocha msaidizi asiyeweza kulikubali atafute kazi nyingine. Wasichana hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo huohuo, na kurudi uwanjani baada ya upasuaji huchukua kwa kawaida miezi tisa au zaidi. Pigeni hesabu hiyo dhidi ya misimu miwili. Kwa hiyo dakika kumi na tano za mazoezi ya kutua kwa magoti yaliyokunjwa, mwanzoni mwa kila mazoezi, hazifupishwi kwa sababu kocha ana mbinu mpya ya kufundisha. Na mchezaji aliyepigwa kichwani akaonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia, hata mama yake akiita kutoka jukwaani.

Safari sitazieleza sana. Hesabuni watu mnapopanda basi na mnaposhuka, ulizeni mapema ni nani hali nguruwe na nani anafunga Ramadhani, na bebeni mpira wa nywele, taulo za kike na jezi moja tupu isiyo na jina.

Kocha mkuu mtamjua kwa jinsi anavyompokea msichana aliyeshindwa kwingine, kwa kuwa wengi wanaokuja kwetu wana sababu ya kuja. Sheryl Swoopes, aliyekuja kupata medali tatu za dhahabu za Olimpiki, alikwenda kwanza katika chuo kikuu kikubwa cha Texas, akazidiwa na upweke wa kuwa mbali na nyumbani, akarudi kucheza South Plains, chuo cha jamii kilicho karibu na kwao. Kutoka hapo alihamia chuo kikuu cha Texas Tech, na mwaka 1993 akafunga pointi 47 katika fainali ya taifa ya vyuo vikuu. Kila Agosti ninapomwona msichana anashusha sanduku lake huku macho yamevimba kwa kulia, ninamkumbuka Swoopes, na ninamwomba mfanyakazi mmoja ale naye chakula cha jioni wiki nzima. Mara nyingi kocha msaidizi ndiye anayesikia kwanza kwamba msichana anataka kurudi nyumbani. Mfikishieni kocha mkuu habari hiyo usiku uleule, mkiwa ofisini na mlango umefungwa. Vivyo hivyo mkiwa na maoni tofauti na yake: myaseme humo ofisini kwa uwazi wote, kisha benchini mzungumze kwa sauti moja.

Mwaka wa pili wa mchezaji, kazi ya kumhamishia chuo kikuu ianze Oktoba badala ya kusubiri Machi. Tayarisheni video ya dakika nne yenye mechi za kweli, ikionyesha ulinzi wake na jinsi anavyotembea bila mpira, kwa maana makocha wa vyuo vikuu wamechoka kuona mitupo iliyoingia tu. Ambatanisheni hati ya matokeo pamoja na orodha ya krediti ambazo chuo kikuu husika kitazipokea, mliyoithibitisha kwa simu na ofisi ya usajili ya huko. Wiki ya mwisho ya Mei, hata msimu ukiwa umekwisha na mishahara ya wengi wetu wa muda mfupi imesimama, nendeni mhakikishe hati ya mwisho ya kila msichana imetumwa na kupokelewa, kisha muandike tarehe hiyo kwenye ukurasa wake na kuufunga.