Muulize Mwalimu: Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilimnunulia mwanangu wa miaka sita mfuko wa dinosaria wa plastiki mnadani. Mmoja wao ana kitu kama tanga mgongoni. Mjomba wake anayesoma chuo kamwambia huyo si dinosaria, basi mtoto kalia jioni nzima. Nani mkweli? (Mama wa watatu, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mama. Mjomba ni mkweli, ila angengoja kwanza mtoto amalize kula.

Nimemwazima mjukuu wangu wa kwake, ninaye hapa mezani kando ya kikombe cha chai. Rangi ya kijani, mkia umetafunwa, tanga limepinda kwa jua la dirishani. Jina lake Dimetrodon. Aliishi kati ya miaka milioni 295 na milioni 272 iliyopita, mabaki yake mengi yametoka Texas, Marekani. Dinosaria walikuja kutamba muda mrefu sana baada ya yeye kwisha. Tyrannosaurus aliyefungwa naye kwenye mfuko mmoja alikuwapo miaka milioni 66 iliyopita. Piga hesabu mwenyewe: huyo Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na wewe uliyetoa hela kuliko na mwenzake wa mfukoni.

Sasa mwite mtoto. Mwambie aweke vidole kwenye mapanja, pale kando ya macho, halafu atafune mkate. Atasikia msuli unacheza. Msuli huo unashuka hadi kwenye taya kupitia uwazi wa fuvu, mmoja kila upande. Dimetrodon naye alikuwa na tundu moja nyuma ya kila jicho. Mamba ana mawili, na dinosaria vivyo hivyo. Ndiyo maana wataalamu wanamweka kwenye ukoo uliokuja kuzaa mamalia, yaani upande wetu sisi, ng'ombe na popo. Mweleze mwanao kwamba hakupoteza dinosaria, kapata ndugu wa mbali wa bibi yake. Wangu alicheka sana, akaniuliza tanga langu liko wapi.

SWALI: Mwalimu, kibandani kwetu walionyesha Jurassic World ya 2015, ile iliyotafsiriwa. Kuna dude la majini linaruka na kummeza papa mzima, na midege inabeba watu kwa miguu. Msimulizi anasema zote ni dinosaria. Kuna ukweli hapo? (Kijana wa Tandika)

JIBU: Msimulizi nampenda, bila yeye nusu ya sinema hizo nisingezielewa. Lakini hapo kateleza mara mbili.

Dude la majini ni Mosasaurus, na huyo undugu wake ni na kenge na nyoka. Kwa hiyo methali niliyoiweka juu pale si mapambo, kenge kaingia kwenye msafara kweli. Waliyemwonyesha wamemvimbisha. Makadirio ya mnyama halisi ni mita 12 hadi 17 hivi, chukulia Coaster mbili zilizofuatana kituoni. Mimi ningemwogopa hata kwa urefu huo.

Midege ile ni Pteranodon. Si ndege, si dinosaria, ni wa kundi la reptilia warukao lililokuwa binamu wa dinosaria. Hakuwa na jino hata moja, na jina lenyewe maana yake ni bawa bila meno. Miguu yake ilikuwa ya kukanyaga chini bapabapa, haikuwa na makucha ya kukwapua kama ya mwewe. Akijaribu kumbeba mtu mzima angeangukia pua.

Watengeneza sinema mimi ukubwa nawasamehe, maana wanauza tiketi. Undugu siwasamehi.

SWALI: Mwalimu, nimetumiwa kwenye WhatsApp picha ya simba mkubwa kuliko dubu wa barafuni, wanasema alipatikana kwetu Kenya. Mbona shuleni hatukufundishwa? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hukufundishwa kwa sababu ametangazwa mwaka 2019 tu. Jina lake la kitaalamu ni Simbakubwa kutokaafrika, na hapo ndipo sisi wa Kiswahili tulipoponzwa kuliko wengine. Mzungu akilisoma anaona jina geni. Wewe na mimi tunaona sentensi nzima, na tunaiamini.

Simba si yeye. Ni wa kundi la Hyaenodonta, ambalo kwa jina linaelekea kwa fisi, na wala fisi si yeye. Kundi zima limekwisha, halikuacha hata kitukuu. Simba ana jozi moja ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa. Huyu alikuwa nazo tatu, zimepangana nyuma kama visu kwenye kabati.

Mabaki yake yalichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kwenye tabaka la miaka milioni 22 hivi, yakakaa miaka mingi kwenye droo ya makumbusho Nairobi mpaka watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyatambua. Nani hana droo ya namna hiyo kwake? Kilichopo ni sehemu kubwa ya taya, vipande vya fuvu na mifupa michache. Uzito wa kilo 1,500 uliovuma umetokana na kupima meno, na ukitumia kanuni nyingine unapata chini ya kilo 300. Hayo yamo kwenye utafiti, ila picha ya WhatsApp imechukua namba kubwa tu. Na rangi ya manyoya kachagua mchoraji.

SWALI: Yupo mnyama wa kale mwenye jina la Kiswahili lisilodanganya? (Mwanafunzi, Songea)

JIBU: Yupo, tena jirani yako, bonde la mto Ruhuhu. Asilisaurus kongwe, kapewa jina mwaka 2010. Asili, na kongwe: yote mawili ni kweli. Alikuwa na umbo jembamba, kimo cha mbwa, na ncha ya taya la chini kama mdomo wa ndege. Huyu dinosaria wamemkosa chupuchupu, ni binamu wa karibu kabisa. Kwenye mifuko ya mnadani nimemtafuta, bado sijamwona.