Fildi ya vifaa tiba kwa mtandao: nenda na unayoyajua ya kwenu

Wadogo zangu mnaosomea uhandisi wa vifaa tiba mmekuwa mkiniuliza kama mtu anaweza kufanya fildi na maabara ya nje bila kupanda ndege. Anaweza. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, timu ilikuwa Boston, Marekani, na kazi yetu ilikuwa programu ya kusoma mapigo ya moyo kutoka kwenye kipimo cha umeme wa moyo (ECG) cha bei nafuu.

Kabla ya yote, ulizeni idarani kwenu kama watalikubali jambo hili, maana daftari la fildi lina sehemu ya sahihi ya msimamizi na chuo kina taratibu zake za ukaguzi. Kisha chagueni kazi inayofanyika kwa mbali. Kuchambua mawimbi ya ECG au picha za eksirei, kuchora kifaa kwenye kompyuta, kuandika maelekezo ya matumizi, yote hayo yanakwenda. Kufungua mashine ya kuzalisha oksijeni na kubadilisha vichujio vyake hakufundishwi kwa Zoom. Kwa hiyo ombeni ruhusa, hata kwa siku moja ya wiki, ya kushinda na mafundi wa karakana ya hospitali iliyo karibu. Nitaeleza mbele kwa nini nalisisitiza hili.

Kwenye maombi, barua ndefu ya kueleza jinsi unavyoipenda fani haikufikishi mbali. Peleka kazi. Ingia PhysioNet, hazina ya mtandaoni ya data za kitabibu, uchukue rekodi za moyo za MIT-BIH zilizotolewa mwaka 1980. Ziko 48, kila moja ya takriban nusu saa, sampuli 360 kwa sekunde, na madaktari wa moyo wameshaweka alama kwenye kila pigo. Ni bure, na hazimalizi bando. Andika programu ya kutafuta mapigo, ilinganishe na alama za madaktari, uonyeshe ilipopatia na ilipokosea. Ukurasa mmoja wenye grafu mbili unatosha. Hicho ndicho nilichoambatanisha, na kwenye usaili tuliongea habari ya grafu tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Programu ya timu ilikuwa na chujio la kuondoa mvumo wa umeme wa ukutani, nalo lilikuwa limewekwa Hz 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, kwa kuwa data walizojengea zilipimwa Marekani na umeme wa kule ni wa Hz 60. Nilipojipima mwenyewe kwa kibao kidogo cha saketi chenye chipu ya kupimia moyo ya AD8232, mstari ukatoka na manyoya kama kiwavi. Vilele vya mapigo vilionekana, lakini yale mawimbi madogo ya P yanayotangulia kila pigo yalikuwa yamefunikwa. Nikayahesabu manyoya: ndani ya kisanduku kikubwa kimoja cha mistari ya grafu ya ECG, yaani sekunde 0.2, yalikuwa 10. Hiyo ni Hz 50, umeme wa Tanzania.

(Ukijipima, chomoa chaja, kompyuta iwe kwenye betri. Kwanza ni usalama wako, na mvumo wenyewe hupungua.)

Nikawatumia picha ile, hesabu yangu, na pendekezo kwamba mtumiaji achague 50 au 60 anapoanza. Likakubaliwa. Wale ni watu hodari kunizidi, ila hakuna aliyekuwa amepima moyo kwenye nyumba yenye umeme wa huku. Ndiyo sababu nawasukuma karakanani: huko ndiko mtajua kifaa gani hufa umeme unaporudi ghafla, kipi kinaziba kwa vumbi, kipi kimekaa stoo kwa kukosa waya wa kipuri. Maabara ya ng'ambo haina njia nyepesi ya kuyajua hayo, na wewe unayo.

Ulizeni pia kifaa kilijaribiwa kwa nani. Desemba 2020, utafiti katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Hao ni ndugu zetu wodini. Ukiwa kwenye timu ya namna hiyo na ukanyamaza, nani atauliza?

Kunyamaza kwenyewe ni tatizo letu kubwa. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na mwenye kikao akiona kimya anadhani umeelewa na umekubali. Kama mdomo ni mzito, andika. Baada ya kikao tuma ujumbe mfupi: nimejaribu hiki, nimepata hiki, nimekwama hapa, nadhani sababu ni hii. Salamu ya mstari mmoja inatosha.

Saa nazo zina mambo. Kiangazi cha kwao, saa tatu asubuhi ya Boston ni saa kumi jioni yetu. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa saa kumi na moja, kwa sababu wao hurudisha saa nyuma na sisi hatugusi. Waambieni watu wa nyumbani mapema, wasije wakawatuma dukani katikati ya kikao. Simu iwe na chaji na bando la akiba, umeme ukikatika uhamie huko.

Taarifa za wagonjwa msizitume nje kiholela. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata picha ya skrini yenye jina la mgonjwa inahusika. Data za hospitali zitoke kwa kibali cha maadili ya utafiti, si kwa WhatsApp.

Anayekutoza ada ili akupe fildi, muache. Anayekupa kazi bila malipo, muombe angalau gharama ya intaneti. Wengine hutoa wakiombwa. Na mkubaliane mwanzoni, kwa maandishi, kama jina lako litakuwepo kazi ikichapishwa na kama unaruhusiwa kuionyesha kwa mwajiri. Barua ya utambulisho iombe kabla hujaondoka, ukiwa umewaandalia orodha ya ulichofanya.