Milipuko mingi, hofu hakuna

SWALI: Mhariri, nimetazama filamu ya wapiganaji wa siri wa Ufaransa waliowapinga Wajerumani. Mabomu mwanzo hadi mwisho, nami nikasinzia. Kasoro ni yangu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Nami iliniuma. Vita vile vilikuwa vya kunong'ona: majina ya bandia, mafumbo ya redio kutoka London, mlango kugongwa alfajiri. Jean Moulin, aliyeyaunganisha makundi ya upinzani, alikamatwa Juni 1943 mkutanoni, katika nyumba ya daktari huko Caluire, karibu na Lyon. Aliteswa, asiwataje wenzake, akafa Julai. Hofu hiyo imo wapi katika filamu hiyo? Yule msichana wa baiskeli, mwenye barua kapuni, alipita mara moja tu. Mimi ningemfuata yeye filamu nzima.