Wasomaji wanauliza: Stesheni ya SGR Dar es Salaam

Nilimwambia bodaboda anipeleke Magufuli, nikajikuta Mbezi kwenye mabasi. Treni ikaniacha. Nielekee wapi siku nyingine? (Msomaji, Tabata)

Pole sana, dada. Jijini kuna Magufuli mbili. Kituo cha mabasi cha Magufuli kiko Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, na kilizinduliwa Februari 2021. Stesheni ya treni ya umeme ilipewa jina hilohilo Agosti 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua safari za SGR, yaani reli ya kisasa. Hiyo iko katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani. Asubuhi ya foleni, kutoka moja hadi nyingine unaweza kumaliza zaidi ya saa nzima barabarani.

Kwa hiyo achana na jina. Mwambie dereva "stesheni ya SGR, mjini", au taja Gerezani. Ukija kwa mabasi ya mwendokasi, panda gari la Gerezani, shuka mwisho wa njia, umalizie kwa miguu. Na ukisikia "stesheni ya TAZARA", jua hiyo ni nyingine kabisa: iko Barabara ya Nyerere na reli yake inaelekea Mbeya hadi Zambia.

Kinachowaponza wengine ni saa. Muda wa treni huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ambao si saa zetu za kutamka. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. Toa sita kwenye namba uliyoiona; ikibaki sifuri, ni saa kumi na mbili, na kama namba iko chini ya sita, ongeza sita badala ya kutoa. Ikizidi kumi na mbili, toa tena kumi na mbili. Aliyeona 06:00 akaenda saa sita mchana atakuta treni yake imeshafika Dodoma.

Kwa nini lango hufungwa wakati treni bado imesimama na inaonekana? Dakika tano si nyingi. (Msomaji, Temeke)

Ni nyingi, kaka, na sababu haiko langoni, iko kwenye reli. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro njia kuu ni moja, kilomita 205. Kilomita nyingine 95 ni za kupishania na za ndani ya stesheni. Treni inayotoka Dar na inayokuja Dar zinatumia reli ileile, kwa hiyo mahali zitakapopishana pamepangwa kabla hata hujakata tiketi. Reli hii imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, dakika 10 ni karibu kilomita 27. Treni yako ikichelewa dakika 10 kuondoka, ama mwenzake anasubiri pembeni dakika hizo, ama wasimamizi wa njia wanahamisha mahali pa kupishana, na hapo treni ya tatu nayo inaguswa. Anayelipa ni abiria aliyepanda Morogoro, ambaye hakuchelewa popote.

Halafu piga hesabu ya miguu. Mchongoko, ile treni ya umeme isiyovutwa na kichwa, una mabehewa 8, na behewa ni takriban mita 25. Kama kiti chako kiko behewa la mwisho, una karibu mita 200 za kutembea kandokando ya treni, na begi, na mtoto, ukisoma namba za mabehewa. Hizo ni dakika tatu au nne kwa mtu mzima mwenye mzigo, na milango ya treni inatakiwa iwe imefungwa kabla ya dakika ya kuondoka. Kabla ya hapo kuna ukaguzi wa jina na kitambulisho, mizigo kupita kwenye mashine, na tiketi kuskaniwa. Panga kufika mapema, saa mbili nzima kabla ya treni kuondoka. Ukishafika, tafuta kwanza namba ya behewa lako. Kiti utakiona ukishaingia.

Wanangu, mimi nimekula chumvi nyingi kwenye reli ya zamani. Kwa nini hawakuipanua tu stesheni ile, wakajenga nyingine? (Mzee, Morogoro)

Shikamoo mzee. Reli unayoijua ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. SGR ina milimita 1,435. Tofauti ni milimita 435 tu, lakini kusogeza chuma kimoja hakutoshi: mataruma ni mapana zaidi, tuta ni pana zaidi, na kona za zamani ni kali mno kwa mwendo huu. Juu yake kuna waya wa umeme, unaohitaji nafasi yake chini ya kila paa na kila daraja. Na ile ya zamani haikuweza kufungwa miaka yote ya ujenzi, kwani treni ya Kigoma na mizigo ya bandari ilikuwa inaitegemea. Ndiyo maana SGR inaingia mjini kwa daraja refu la zege, magari yakipita chini. Mageti ya barabarani yangefunga mji kila treni inapopita.

Mchongoko una ubora gani kuliko treni ya kichwa? (Mwanafunzi, Dodoma)

Dar ni mwisho wa reli, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Treni ya kichwa ikifika, kichwa kiko upande usiofaa kwa safari ya kurudi. Breki za mabehewa zinafungwa yasiserereke, mabomba ya hewa yanatenganishwa, kiungio kinaachiwa, kichwa kinazunguka kwa njia ya pembeni, kinaunganishwa upande wa pili, kisha breki zinajaribiwa upya kwa treni nzima. Jaribio hilo halirukwi. Bomba moja la hewa likiwa halijafunguliwa vizuri, mabehewa ya nyuma yake hayatashika breki dereva akizihitaji. Mchongoko una chumba cha dereva kila mwisho. Dereva anahamia upande wa pili, anakagua breki, na treni iko tayari. Njia moja ya stesheni inaweza kuhudumia safari nyingi zaidi bila kuongeza hata mita moja ya jengo.

Umeme ukikatika njiani, tunafanyaje? (Msomaji, Kibaha)

Mnabaki ndani. Treni inatumia volti 25,000 kutoka waya wa juu, na umeme unarudi kupitia reli. Hitilafu si lazima iwe ya gridi: mnyama akipanda nguzo, mwili wake ukaunganisha waya na chuma, swichi za ulinzi zinakata papo hapo. Mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliwataja bundi na ngedere kuwa chanzo cha tatizo la namna hiyo. Betri za treni zinaendelea kuwasha taa, ila kiyoyozi kinahitaji umeme mwingi, kwa hiyo joto litapanda. Usilazimishe mlango. Waya unaweza kurudishiwa umeme wakati wowote, na umeme huo unaruka hewani kabla hujaugusa. Fimbo ndefu, bomba la chuma au mwavuli ulioinuliwa karibu na waya unatosha kuua.

Mtoto wa miaka mitatu analipa? (Mama, Pugu)

Hapana, mama. Kwa viwango vya mwaka 2024 vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, aliye chini ya miaka 4 halipi nauli, na wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Kitambulisho chako kiweke mkononi kabla ya begi kuingia kwenye mashine, maana likishaingia utasubiri litoke huku foleni nzima ikikusubiri wewe.