Mjukuu kulia ukimbeba sio kwamba hakupendi

Pole bibi mwenzangu, umeuliza mbona mjukuu wa miezi 9 aliyekuwa anakuchekea zamani sasa ukimbeba tu anaangua kilio. Hapana bana, ni umri huo! Kuanzia miezi 6 hadi 9 hivi mtoto anaanza kuogopa sura ambazo hazioni kila siku, na wewe ambaye hajakuona muda mrefu kwake ni mgeni tu, mambo ya damu moja yeye hayajui.

Mi wangu alinifanyia hivohivo, nimesafiri siku nzima nafika na mabegi afu mtoto anajificha shingoni kwa mamake, roho iliniuma jamani. Nikaacha kumkimbilia. Nikakaa chini sakafuni napiga stori na binti yangu kama vile simuoni, nagonga gonga kijiko kwenye kikombe, baada ya kama nusu saa hivi akaja mwenyewe anatambaa akaning'ang'ania goti, wee ile furaha siwezi kuielezea, mpaka machozi yalinitoka.

Kwahiyo ukifika usimpokonye mikononi mwa mamake, mwache akuchunguze kwanza. Kati ya safari moja na nyingine pigeni video call fupi fupi azoee sauti na sura, na mafua ukiwa nayo ahirisha tu safari. Wa kwangu sasa ana miaka 3, nikiaga anaficha kiatu changu kimoja, juzi nimekitafuta mpaka nikakikuta ndani ya ndoo ya midoli.