Wakiniuliza hiyo miaka miwili nilikuwa wapi, niseme nini?

Binti wa Pasua, Moshi, kaniandikia. Aliacha shule kidato cha tatu kwa ujauzito, akajifungua, mtoto akabaki kwa bibi Kibosho, yeye akarudi darasani akamaliza fomu foo. Sasa kaitwa intavyuu ya kidato cha tano, shule moja ya binafsi Arusha yenye ufadhili. Mama yake mdogo anamwambia aseme aliumwa, ticha wa tuisheni anamwambia aeleze yote tena alie kidogo wamwonee huruma. "Shangazi, nimsikilize nani?"

Mwanangu, hapo usimsikilize hata mmoja.

Mama mdogo anakupenda, anaogopa tu maneno ya watu. Ila ukisema uliumwa watauliza uliumwa nini, ulilazwa wapi, KCMC au Mawenzi, na wewe hapo unaanza kutunga ugonjwa mbele ya watu wenye faili lako mezani. Hata ukipita, siku mtoto kashikwa na homa na bibi anampigia matroni usiku utasema huyo mtoto ni wa nani? Na kwani umeiba? Tangu Novemba 2021 serikali ilishatangaza wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi kwenye mfumo rasmi, wewe umefanya hichohicho. Mwambie mama mdogo mapema utakachojibu, maana umesema ndo anakusindikiza, asije akaulizwa pale nje akasema taifodi.

Huyo ticha ndo kaniudhi. Ukimwaga kila kitu, ukipata nafasi haohao uliowamwagia ndo walimu wako, utaonana nao kila asubuhi mstarini wakijua mambo ambayo hata rafiki zako hawayajui. Ufadhili haununuliwi kwa machozi bwana.

Jibu lako liwe fupi: "Niliacha shule kwa sababu nilipata mtoto. Nilirudi nikasoma nikafanya mtihani wa taifa. Mtoto analelewa na bibi, kwa hiyo bweni naweza kukaa." Basi, nyamaza. Hiyo ya bweni usiisahau, maana wengi wataogopa hapo hata kama hawatamki. Halafu wapeleke kwenye PCB yako, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na hiyo B ya baiolojia, huko ongea mpaka wakukatishe wenyewe.

Wakichimba, baba wa mtoto nani, ilikuwaje, sema kwa adabu, "Samahani mwalimu, hilo ni la familia, naomba nisilielezee hapa." Si ujeuri huo. Wakiuliza majibu ya vipimo vya virusi, sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema ni siri yako.

Litamke hilo jibu kwa sauti nyumbani, mbele ya bibi, mpaka neno mtoto lisikukabe koo. Machozi yakija yenyewe omba maji, hakuna atakayekukata maksi kwa hilo.

Kingine sio cha intavyuu. Umeandika "yule mtu" kila mahali na hujasema kama ulikubali au alikulazimisha, na mimi sikuulizi hapa. Ila kama alikulazimisha, au ulikuwa mdogo na yeye mtu mzima, 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Unaweza kwenda na bibi. Hilo halisubiri majibu ya shule, piga hata leo.