Kifurushi nilichokizuia mwenyewe, nikasahau

Seva ya Squid (programu inayosimama kati ya watumiaji na mtandao) ninayoitunza chuoni ilikuwa hainisumbui, na hilo ndilo lililoniponza. Kila mwisho wa mwezi naingia, napiga apt upgrade, amri ya kusasisha programu, naenda zangu kunywa chai. Nikirudi sioni kosa lolote, basi, kazi imeisha.

Oktoba 2023 mtafiti Joshua Rogers alianika kasoro 55 alizozikuta ndani ya Squid, nyingi zikiwa bado hazijazibwa. Siku hiyo ndipo nikaisoma skrini mstari kwa mstari. Kumbe apt ilikuwa inanieleza kila mwezi kwamba kuna vifurushi vya programu (si vya bando!) vimezuiwa visisasishwe. Aliyevizuia ni mimi. Miaka miwili nyuma toleo jipya liligombana na faili langu la mipangilio, nikapiga apt-mark hold, amri ya kuzuia kifurushi, ili watu wapate mtandao, nikijiambia kesho nitarudi.

Kwa hiyo anza na apt-mark showhold, ikuorodheshee vilivyozuiwa. Mimi siku hizi nikilazimika kuzuia kifurushi, naandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya kioo cha kompyuta.

Halafu namba ya toleo isikutishe wala isikutulize. Wenye Squid waliziba mwanya mbaya wa digest (njia mojawapo ya kuthibitisha watumiaji), CVE-2023-46847, katika toleo la 6.4. CVE ni namba ya kutambulisha kasoro ya usalama. Debian 12, mfumo wa Linux, bado inaonyesha 5.7, maana wao huchukua kiraka wakakishonea kwenye toleo lao la zamani. Zinazobadilika ni tarakimu za mkiani. Piga apt changelog squid, utafute humo namba ya CVE.

Na tangazo la usalama lisome lote. Lile la digest halikutugusa, hatukuwa tumewasha uthibitishaji wa aina hiyo. Ila CVE-2025-62168, iliyozibwa katika 7.2, inahusu kurasa za makosa zinazoweza kuvujisha nywila za watumiaji. Wakati unasubiri kiraka, mstari mmoja unakusitiri: email_err_data off. Uandike kwenye faili la mipangilio la Squid, hakiki faili hilo kwa squid -k parse, ndipo upige squid -k reconfigure ili Squid ilisome upya.

Apdeti yenyewe inataka Squid izimwe na kuwashwa upya, na kwa kawaida hungoja sekunde 30 kabla ya kuwakatia walio katikati ya kazi. Mimi hufanya saa kumi na mbili asubuhi. Niliwahi kujaribu saa tano mchana. Simu ya kwanza ilitoka kwa mhasibu, na hakuanza na salamu.